Kiraka cha Zambarau

Soko la Wakefield lilikuwa limefurika Jumamosi ile ya Novemba, na Noreen Oldroyd alikuwa akipenya katikati ya watu huku amekumbatia kabichi alizoombaomba kwa wachuuzi. Koti lake la kijani alilifunga kwa pini kwa sababu vifungo vilishakatika. Kijana mmoja mrefu, kabeba furushi la fulana nyeupe hadi puani, akamparamia. Kabichi zikaviringika mpaka chini ya meza ya muuza samaki.

"Wewe! Huna macho?"

"Ninayo, dada. Yalikuwa yanakutazama wewe."

"Basi yatumie kutafuta kabichi zangu. Kuna watu Askerby wanazingojea."

Kijana akapiga magoti kwenye maji ya samaki bila kujali suruali. Aliitwa Royston Haigh, mchimbaji wa shimo lile lile la makaa ya mawe la kijiji cha Askerby ambalo babake Noreen alichimba, na kama wachimbaji wote wa mwaka ule wa 1984 alikuwa kwenye mgomo tangu Machi. Noreen naye alipika supu ya mgomo kwenye ukumbi wa kanisa.

"Kumbe wewe ndiye mwenye lile sufuria kubwa," Royston akasema. "Niazime usiku mmoja."

"Sufuria la nini?"

"Nizitie rangi hizi fulana. Baba anawakusanya watoto uwanja wa nyuma ya shimo, anawafundisha raga. Wanashinda mitaani hawana la kufanya. Sasa timu bila jezi ni timu gani?"

"Raga ipi? Ile ya shule za matajiri?"

"Usinitukane, mpenzi. Raga ya kwetu, ya watu kumi na watatu."

"Mpenzi wako nani? Hata kabichi hujamaliza kuokota."

Alisema hivyo, lakini sufuria alilitoa. Royston alikusudia nyekundu. Pengine rangi ilikuwa ya zamani, pengine alikosea vipimo, zikatoka zambarau, tena zenye mabaka. Wiki nzima supu ya Askerby ilikuwa na rangi ya zambarau, na watu waliinywa hivyo hivyo wakicheka, mwaka ambao vicheko vilikuwa adimu. Klabu ya vijana ya Askerby ilipata rangi yake kwa namna hiyo, na mpaka leo haijabadilisha.

Fulana moja ilichanika. Noreen akakata kipande, akakishona kwenye kiwiko cha koti la kahawia la Royston, lililokuwa limetoboka.

"Sasa nitakujua hata gizani," akamwambia.

"Mgomo ukiisha nakuoa."

"Na usipoisha?"

"Nakuoa kwa kabichi."

Walipendana majira yale ya baridi kama wanavyopendana watu wasio na kitu, kwa kutembea. Walizunguka uwanja huku mzee Wilf, babake Royston na mchimbaji pia, akiwafokea watoto wenye magoti mekundu kwa baridi: "Mshike miguu, mwanangu! Shingo itakuja yenyewe!" Watoto wale walimpenda Wilf kupita kiasi. Baba zao wengi walikuwa wamenyamaza majumbani kwa aibu ya kukosa, na yeye ndiye mtu mzima pekee aliyekuwa bado anapiga kelele kwa furaha.

Februari, asubuhi moja, Noreen alisimama na wenzake langoni mwa shimo wakati basi la wasaliti, wale waliovunja mgomo na kurudi kazini, linapita, madirisha yake yamefungwa wavu wa chuma. Waliomo ndani waliinama, nyuso wamezifunika. Mmoja alijikinga uso kwa mkono, na kwenye kiwiko chake Noreen akaona kiraka cha zambarau.

Angeweza kwenda kumuuliza mwenyewe. Hakwenda. Hasira ilimtuma ukumbini, na wanawake walipoanza kuulizana ni nani, akasema kwa sauti kubwa:

"Ni Royston Haigh. Kile kiraka nimekishona kwa mkono wangu."

Jioni mtaa mzima ulikuwa nje ya nyumba ya akina Haigh. Mlango ukafunguliwa, Royston akatoka na shati tu, na nyuma yake kwenye ngazi alionekana babake, mweupe kama chokaa.

"Ni mimi," Royston akasema. "Mwacheni mzee na mama, hawahusiki."

Akamtafuta Noreen kwa macho mpaka akampata. Noreen akampa mgongo, na wote wakafanya vivyo hivyo. Askerby msaliti hapigwi. Hasemeshwi tu. Hasalimiwi, hajibiwi dukani, na akifa jeneza lake halifuatwi na mtu. Aliyekwenda shimoni kwa siku moja ananyamaziwa mpaka kaburini. Kabla wiki haijaisha Royston alihamia Hull, akapata kazi kiwandani.

Mgomo ulishindwa. Shimo likafungwa, bomba lake la moshi likaangushwa, maduka yakafuatia. Klabu ndiyo iliyobaki. Kila Jumamosi Wilf alichora mistari ya uwanja kwa chokaa, na wale watoto wa magoti mekundu wakakua, wakaleta watoto wao. Noreen akawa mfuaji wa jezi. Kila Jumapili mfuko uliletwa mlangoni, na kamba yote ya kuanikia nyuma ya nyumba yake ilijaa zambarau. Aliolewa na dereva wa lori, mtu mwema lakini asiyekaa nyumbani. Wakaachana bila ugomvi.

Mwaka 2009 Wilf aliugua, na Noreen akawa anampelekea wali wa maziwa. Siku moja mzee alisukuma bakuli.

"Noreen, lile koti nililivaa mimi."

"Koti gani, Wilf?"

"La Royston. Mke wangu alikuwa anatetemeka kitandani, mapafu yamemwisha, na nyumba ya mchimbaji haina kipande cha makaa. Aliyerudi kazini alipewa makaa. Nilitoka gizani, nikachukua koti la kwanza msumarini. Kijana alikuwa amelala."

Noreen akaweka kijiko chini.

"Jioni ile mtaa ulipokuja, alinizuia nisitoke mlangoni," Wilf akaendelea. "Akasema, 'Baba, wakikususa wewe, watoto watacheza na nani?' Na mimi nikamwacha. Kila Jumamosi nilijiambia, wiki ijayo nitasema. Nilikuwa mwoga, binti yangu."

Jioni hiyo Noreen alipiga simu Hull.

"Haloo?"

"Ni Noreen."

Sauti ikaja, nzito kuliko zamani: "Noreen wa kabichi?"

Akalia palepale, bila kujizuia, na Royston akamngoja.

"Baba amekwambia."

"Kwa nini hukuniambia wewe?"

"Ningekwambia lini? Ulinipa mgongo. Na wewe, mpenzi, mdomo wako haujui kufunga."

"Niliyekutangaza ni mimi. Kesho nawaambia wote."

"Usithubutu. Wale watoto walimwamini mtu mmoja katika maisha yao. Nimelibeba hili miaka yote, usinimwagie sasa. Niahidi."

"Royston..."

"Niahidi, Noreen."

Akaahidi.

Wilf alifariki Machi. Majivu yake yalipelekwa uwanjani, yanyunyizwe chini ya magoli, kama alivyotaka. Askerby yote ilikuja na skafu za zambarau. Wanaume wazima walilia kama watoto. Noreen alivaa gauni jeusi na lile koti la kijani, ambalo hatimaye lilikuwa na vifungo.

Nje ya uzio, peke yake kwenye upepo, alisimama mtu mrefu mwenye mvi.

"Ana uso mkavu kweli," akasema Duggie, mwenyekiti wa klabu, bila kutaja jina. Wote wakamgeuzia Royston migongo, majivu ya babake yakinyunyizwa.

Noreen alitazama migongo ile. Ukweli ulimjaa mdomoni, akaumeza. Kusema kwa niaba yake alikatazwa. Kusema naye hakukatazwa. Akatoka kwenye mstari, akavuka uwanja, viatu vinazama kwenye tope, mpaka kwenye uzio.

"Hujambo, Royston," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka magoli ya upande wa pili.

"Rudi," Royston akanong'ona. "Watakususa na wewe."

"Najua. Umekula?"

"Noreen, tafadhali."

"Nimekuuliza umekula?"

"Sijala."

"Noreen!" Duggie aliita. Sauti yake ilikuwa ya huzuni zaidi kuliko hasira. "Ukiondoka na huyo, umeondoka."

Hakujitetea. Alipita langoni, akaushika mkono wa Royston juu kidogo ya kiwiko, wakateremka barabara ya shimo la zamani. Njiani Royston akasimama.

"Unajua ulichofanya?"

"Najua. Uliniambia mgomo ukiisha."

"Ulikwisha zamani, mpenzi."

"Kwangu umekwisha leo. Unanioa au hunioi?"

Royston akajifuta macho kwa kiganja. "Kwa kabichi?"

"Ninayo nyumbani."

Wiki ile, Royston sasa akikaa kwake, Noreen aliingia duka la mikate na mazungumzo yakakatika. Mwanamke waliyesoma naye alitazama ukuta. Muuzaji alimpa mkate bila neno. Alirudi nyumbani akakaa jikoni, akalia kwa mara ya kwanza kwa ajili ya yale Royston aliyoyaishi, kwa sababu sasa aliyajua.

Jumapili alisikia nyayo nje. Hakuna aliyebisha hodi. Alipofungua mlango mtaa ulikuwa mtupu, na kwenye kizingiti uliachwa mfuko wa jezi zenye tope, kama kila Jumapili.

Akainama kuuinua.

"Royston," akaita. "Njoo unishikie upande mmoja, mzito."