Duara Lililobonyea

Foleni ya dirisha la maabara ilijipinda kama nyoka aliyeshiba, na kila mtu alikuwa na haraka kuliko mwenzake. Fundi cherehani alifika akisukuma kiti cha magurudumu, shati lake la samawati limepigwa pasi likanyooka. Kitini alikaa mama yake, mguu umefungwa bendeji.

"Dada, mnauza tiketi za mpira humu?"

"Tunauza subira," akajibu binti wa maabara bila kuinua macho. Alipoyainua, hakuyashusha upesi.

Akachukua usaha kidondani. "Ametumia dawa yoyote?"

"Hata chembe."

"Basi asitumie yoyote ila atakayoandika daktari."

"Amri yako, mheshimiwa."

Bakteria wa kidonda kile walikuwa sugu. Dawa mojamoja waliicheka. Binti akavipanga vidonge vya karatasi vilivyolowekwa dawa kwenye sahani za kuoteshea bakteria, viwiliviwili, hadi akapata jozi iliyowafyeka: kuzunguka vidonge likabaki duara safi lisilo na bakteria. Daktari akaagiza sindano za jozi hiyo.

Simu zikaanza.

"Laazizi, leo umeshinda na nani?"

"Na bakteria wa mama yako."

"Nawaonea wivu. Wao unawatazama kwa hadubini, mimi hata kwa jicho moja hunitazami!"

Fundi akamshonea binti gauni la zambarau bila kumpima, likamkaa kama ngozi.

"Vipimo umevipata wapi, mwizi wewe?"

"Macho yangu nayo ni maabara."

Lakini kidonda, badala ya kukauka, kikanuka. Madaktari wakakata mguu chini ya goti. Siku hiyo fundi alipiga simu mara moja tu.

"Jozi yako inafyeka, eti? Imefyeka mguu wa mama!"

Akakata simu. Binti alipopiga, hakupokelewa.

Akajishuku. Akarudia kipimo, duara likawa lilelile. Ndipo akaenda wodini. Mama akampapasia kitanda.

"Kaa, mkwe wangu. Usimkasirikie, mwanangu ananipenda mno. Kila asubuhi, kabla ya sindano, ananipa kapsuli zilezile zilizomponya jipu lake. Anasema dawa mbili ni ukuta, tatu ni ngome."

Binti akaomba kapsuli moja, akarudi nayo maabara.

Fundi alipokubali kuja, binti alimwonyesha sahani aliyotia unga wa kapsuli kando ya jozi ile.

"Tazama duara hili. Upande wa kapsuli yako limebonyea. Hapo bakteria wamenusurika. Dawa yako inawalaza. Sindano zetu huua wanaokua tu. Waliolala zikawapita."

Fundi akaliinamia duara. Kisha akatoa kijisanduku mfukoni, pete ndani.

"Niliinunua kabla ya mguu kukatwa. Nikuoe, mpenzi. Ila mwambie mama maabara ilikosea. Neno moja tu."

"Na watu wa foleni kesho waamini kipimo cha nani?"

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyemkata mama mguu?"

"Ulimpenda bila kuuliza. Namba yangu ulikuwa nayo. Ulinipigia asubuhi, mchana na jioni, ukaniuliza kila kitu isipokuwa hilo."

"Nilimpa kwa mkono huu!" Akauinua mkono. "Ukinipenda, utanisaidia kuubeba mzigo huu."

"Kuubeba, ningeubeba mpaka kaburini. Kuuficha, siwezi."

"Basi hukunipenda."

"Nilikupenda. Nakupenda hata sasa, na ndiyo maana nimekuita wewe kwanza. Mama mwambie mwenyewe."

Kijisanduku kikafungwa kwa mlio mdogo. Fundi akatoka bila kuaga, na shati lake, kwa mara ya kwanza, lilikuwa na makunyanzi.

Binti akaandika matokeo daftarini, kisha akaichukua sahani, akaitia kwenye chungu cha mvuke kinachoua vijidudu vyote, akakaza kifuniko kwa mikono miwili.

Asubuhi foleni ikajipinda tena. Mbele alisimama kijana amemshika baba yake mkono.

"Ametumia dawa yoyote?"

"Hata chembe, dada."

Binti akaweka kalamu chini, akamtazama usoni, akauliza tena.