Tafsiri ya Zita

Siku ya mnada Dongobesh dume mmoja wa ng'ombe alikata kamba akajitosa katikati ya wauza nguo, na watu wakatawanyika kama vifaranga walioona mwewe. Zita binti Qamara hakukimbia. Haukuwa ushujaa. Kiatu chake cha plastiki kilikuwa kimekatika mkanda, mguu ukanasa kwenye turubai la muuza vitenge. Akafumba macho, akaanza Salamu Maria. Alipoyafumbua, dume alikuwa amesimama mbele yake akihema, ameshikwa pua na kijana mrefu aliyejifunga rubega ya rangi ya udongo, bangili za shaba zikimeta mkononi.

"Dada, unasali au umelala?"

"Nasali. Ng'ombe wako ni shetani."

"Huyu si wangu. Wangu wana adabu."

Zita akacheka. Alikuwa amevaa gauni la terilini la samawati na sweta ya kijani, nywele amesuka twende kilioni. Kijana akamtazama bila kuficha kwamba anamtazama.

"Wewe si wa hapa."

"Kwetu Tlawi. Nafanya kazi kule uwandani, shamba la ngano. Ni karani."

"Kumbe ndiwe mke wa ngano!"

"Sina mume mimi."

"Hilo ndilo nililotaka kujua," kijana akasema, akaondoka na dume wa watu.

Jina lake lilikuwa Gidahosh. Alikuwa Mbarabaig, amesoma mpaka darasa la nne, na boma la mama yake lilikuwa ukingoni mwa shamba lile la serikali, mahali ambapo kila mwaka trekta zilisogea karibu zaidi. Baba yake alikuwa amezikwa hapo, mzee wa heshima, na juu ya kaburi watu wake walikuwa wameinua kichuguu cha udongo kinachoonekana kwa mbali.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Sabuni ilikuwa adimu na simu ilikuwa ya wakubwa, lakini shamba lilikuwa na redio za mawasiliano, moja ofisi kuu na nyingine kwenye geti la shamba la pili, alikokaa mlinzi aitwaye Bura. Bura alipenda maziwa. Gidahosh alikuwa na maziwa.

"Ofisi kuu, ofisi kuu, hapa geti la pili. Kuna ndama amepotea. Ova."

"Wa rangi gani? Ova," Zita alijibu, akiwa amekwishaitambua sauti.

"Amevaa sweta ya kijani. Ova."

"Huyo ana mwenyewe."

"Nani?"

"Njoo Jumapili baada ya misa, utaambiwa. Na usije na mkuki, utamtisha padri. Ova."

Wakapendana hivyo, kwa redio na kwa Jumapili. Zita alimfundisha Kiingereza kidogo alichokuwa nacho yeye mwenyewe, maana alikuwa ameishia kidato cha pili. Gidahosh alimwita karani wangu. Akamwambia kwamba mvua zikija atapeleka ng'ombe Tlawi kwa mzee Qamara, akubaliwe au akataliwe mchana kweupe.

Kabla ya mvua, shamba likataka kupanuka. Wenye maboma ya ukingoni wakaitwa kwenye mkutano. Hermani, mkalimani wa siku zote, alikuwa kitandani kwa malaria, kwa hiyo meneja akamnyooshea kidole Zita. Zita akasimama karibu na mtaalamu wa kizungu, daftari kifuani, akijihisi mkubwa. Mbele yake walikaa wazee na fimbo zao, wanawake wenye sketi za ngozi, na Gidahosh nyuma ya mama yake. Kazi ya kuwageuzia kwa Kibarabaig wasiojua Kiswahili ilikuwa ya Gidahosh.

Mzungu hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisema eneo linalimwa, na kwamba lazima waondoke "for good."

Zita alijua "good" ni nzuri. Alijua "for" ni kwa. Akainua sauti.

"Anasema muondoke kwa wema. Ni kwa mema yenu."

Kukawa na mnong'ono. Kisha Gidahosh akauliza, na macho yake yalikuwa kwa Zita, si kwa mzungu. "Dada karani, tutarudi lini?"

Mzungu alikuwa hatua mbili tu kutoka pale, anafuta miwani. Kumgusa mkono na kumuuliza kusingechukua muda. Lakini watu wote walimtazama Zita, na karani asiyejua huonekana si karani. Tena moyo wake ulitaka jibu liwe zuri. Wema gani tena usio na kurudi?

"Baada ya mavuno," akasema.

Wazee wakaridhika. Wengine waliitwa kwenye mkutano mwingine siku za nyuma, wakagoma, wakachapwa na maboma yao yakatiwa moto. Hawa wakafungua zizi kwa amani, wakaswaga mifugo kuelekea vichaka vya ng'ambo ya Masakta, kukaa kwa muda. Kaburi wakaliacha bila mtu wa kulilinda. Anayerudi baada ya miezi michache huacha mlinzi wa nini?

Wiki za kwanza Zita alisubiri redio ilie. Haikulia. Akajiambia Masakta ni mbali.

Kisha Nikolausi, dereva wa trekta aliyekuwa akilima eneo jipya, akapinduka na trekta korongoni. Walimtoa akiwa amekwishakufa. Mzungu aliingia ofisini kofia mkononi, macho mekundu, akasema Nikolausi amekwenda "for good," kisha akatoka.

"Amesema vyema," Zita akanong'ona. "Amekwenda kwenye wema. Mbinguni."

Perpetua, mpiga chapa, mama wa makamo aliyesoma kwa masista, aliacha mashine yake. "Wema gani, mwanangu? 'For good' ni moja kwa moja. Kisima cha shamba la tatu kimekauka 'for good', hakuna maji tena hapo. Mume wangu alipokwenda Moshi, aliondoka 'for good'. Unadhani aliondoka kwa wema yule?"

Zita akaomba arudie. Perpetua akarudia, taratibu, kama anavyoelezwa mgonjwa. Kabla hajamaliza, Zita alikuwa mlangoni.

Alipofika kwenye eneo lile hakuona zizi, hakuona kichuguu. Aliona udongo mweusi uliogeuzwa, umenyooka mpaka macho yanapokoma, na kunguru wakiokota minyoo.

Kesho yake alipanda lori mpaka Masakta, akatembea kuingia vichakani. Harufu ndiyo iliyompokea. Nzi wa ndorobo walikuwa wamewaua ng'ombe kwa ugonjwa, na mizoga ilikuwa mingi kuliko mifugo iliyosimama. Gidahosh alikuwa akichuna ngozi. Alikuwa amekonda, na bangili zimeteremka mpaka kwenye kiganja.

"Nimesikia wamelima," akasema kabla ya salamu. "Mtu wa Bura alipita."

"Gida, lile neno sikulijua. Nilidhani ni wema. Naapa."

"Ulikula mshahara wao."

"Sikujua, mpenzi wangu!"

"Hukujua." Akafuta kisu kwenye majani. "Nilipokuuliza tutarudi lini, mzungu alikuwa hapo. Hukujua, au hukuuliza?"

"Sikuuliza."

"Basi rudi kwenye ngano yako."

Alirudi akilia njia nzima, na abiria wa lori wakamwachia nafasi wakidhani amefiwa.

Ilikuwa karibu na mvua Gidahosh alipotokea kwenye uzio wa ofisi. Hakutabasamu.

"Tunahama. Tunakwenda kusini, upande wa Singida. Mama hataki kuondoka bila kumuaga mzee. Tunahitaji mtu wa kutupitisha getini."

"Jumapili," Zita akasema. "Mashine hazifanyi kazi."

Bura alifungua geti, akageuka kutazama upande mwingine. Wakaingia watatu, mama mbele na kibuyu cha maziwa. Mama alitembea akipima kwa kutazama mlima Hanang, anasimama, anatikisa kichwa, anasogea. Aliinama akashika udongo, akaunusa. Walizunguka mpaka jua likawa la utosi. Hakuna aliyeweza kusema kaburi lilikuwa hapa au pale.

Mwishowe mama akafungua kibuyu, akaanza kumimina huku akitembea, tone kwa tone, mtaro hadi mtaro, akimtaja mumewe, mpaka kibuyu kikaisha. Zita alifuata nyuma yake. Hakuthubutu kulia mbele ya mwanamke ambaye halii.

Walipotoka Gidahosh akazungumza, macho chini. "Waliogoma walichapwa, na makaburi yao yakalimwa vilevile. Mama ndiye aliyeniambia nifikirie hilo."

"Haiondoi kosa langu."

"Haiondoi. Bado nina hasira na wewe, Zita. Nadhani nitakuwa nayo muda mrefu."

"Nitakaa nayo. Mimi na wewe na hiyo hasira yako."

"Sina ng'ombe wa kumpelekea baba yako. Wamebaki wanne, na mmoja ni kipofu."

"Sijakuuliza habari za ng'ombe, Gida. Nauliza kama unanitaka."

Zita akaanza kugeuka. Ndipo Gidahosh akamshika mkono, kwa mkono uleule uliozoea kushika pua za madume, akaukaza hadi ukauma.

"Nakutaka," akasema. "Mungu anisaidie."

Meneja alikuwa amekwishasikia habari za geti. Jumatatu Zita hakuwa karani tena, na Bura akahamishwa. Zita akapanda Tlawi kuaga. Mama yake, Efrazia, alimfungia blanketi na unga. Baba yake, aliyekwishasikia kwamba binti anamfuata kusini Mbarabaig asiye na ng'ombe wa mahari, alikuwa ameketi uani, amempa mgongo, akiuangalia mteremko wa mashamba yake.

"Shikamoo, baba."

Mzee Qamara hakuitika.

Zita alisubiri. Jirani akapita na punda wake, akasalimia, akajibiwa. "Shikamoo, baba," akarudia. Mzee akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Zita akajitwika mzigo, akateremka.

Walikuwa wakimngoja chini barabarani, mama na mwana na ng'ombe wanne. Manyunyu yalikuwa yameanza. Gidahosh alimpa fimbo.

"Utamswaga yule kipofu. Haendi kwa kupigwa, huenda kwa kuitwa jina."

Akamtajia jina, neno refu la Kibarabaig lililojaa sauti za kooni. Zita akajaribu. Ng'ombe hakusogea. Zita akamgeukia mama.

"Mama, nisaidie. Linatamkwaje?"

Mama yake Gidahosh akamsogelea. Akalitamka taratibu. Zita akarudia, akakosea. Mama akalitamka tena, na tena, mvua ikiwalowesha wote wawili, mpaka ng'ombe akainua kichwa, akaanza kutembea.