Nafasi ya Nkwabi

Watu wengi wakitoka Dodoma kuja Mwanza kwa likizo hutaka sato wa kukaanga na upepo wa ziwa. Kaka yangu Revocatus alitaka mbio. Ilikuwa Juni 1994, shule tumefunga, mimi dada yake nafundisha darasa la tatu hapa Butimba. Alishuka kwenye treni na kitambi chake cha ukarani na raba za mtumba, akasema daktari amemwamuru apunguze mwili. Nilimcheka mpaka tukafika nyumbani.

Basi nikamtafutia wenzake. Kila asubuhi, saa kumi na mbili, wanaume kama kumi walipita mbele ya nyumba yangu wakikimbia na kuimba kuelekea ufukweni. Kiongozi wao alikuwa Kashindye, fundi ujenzi, ambaye mtoto wake nilimfundisha kusoma. Nilimwendea mwenyewe nikamwombea kaka nafasi. Nasema hivi ili msije mkasema sikusema: mimi ndiye niliyempeleka.

Jumatatu alikimbia mwisho wa mstari, akarudi amefurahi, akanywa uji vikombe viwili. Kitu kimoja tu kilimkera. Njia ya ufukweni ni nyembamba, inapita katikati ya mawe, kwa hiyo hukimbia mmoja mmoja. Nyuma ya mtu wa tatu palikuwa na pengo, mtu mzima angeweza kukaa, na hakuna aliyesogea kuliziba. Revocatus alipitia Jeshi la Kujenga Taifa kama sisi wote, na huko pengo kwenye mstari ni aibu ya kikosi kizima. Nikamwambia kama linamuwasha, kesho akalizibe.

Jumanne akapita wenzake pembeni, akaingia. Wimbo ukakatika. Alkarim, muuza vipuri vya baiskeli aliyekuwa wa kwanza nyuma ya pengo, alipunguza mwendo akabaki mbali. Hata hivyo Revocatus alisikia mtu anahema kisogoni kwake. Pumzi ya moto, ya mtu aliyechoka. Halafu kitu kikampiga begani akapepesuka. Aligeuka. Alkarim alikuwa hatua ishirini nyuma, mikono mitupu.

Walipomaliza, Alkarim alimsogelea akamnong'oneza, "Kaka, kwa nini umeingia pale?" Hakungoja jibu, akapanda baiskeli yake.

Nyumbani nilimvua shati. Bega lilikuwa limevimba na ndani ya ngozi mlikuwa na changarawe. Nilizitoa kwa pini, moja moja.

Jumatano nilimkataza kwenda. Alikaa mezani anakunywa chai, mimi nimesimama mbele yake na birika. Niliona kwa macho yangu. Shati lilibonyea ubavuni. Mfupa ukalia, ko, na kaka akaanguka pamoja na kiti. Damu ilimtoka mdomoni. Saa ya ukutani ilikuwa kumi na mbili na nusu, na kwa mbali niliwasikia wakimbiaji wakiimba.

Nilimpeleka hospitali, wakamfunga bandeji. Mchana nikaenda kwa Kashindye. Nilimkuta anajenga ukuta. Akanisalimia "shikamoo, mwalimu" kwa adabu yake ya kawaida, kisha akaniona uso, akaweka mwiko chini.

Alinieleza bila kuniangalia. Mwaka uliotangulia walikuwa na mwenzao, Nkwabi, wa nne kwenye mstari. Siku moja alichelewa kuamka. Akaja anakimbia peke yake nyuma yao, giza bado halijaisha vizuri, awafikie ashike nafasi yake. Pale kwenye vibanda vya dagaa mwanamke mmoja, ambaye hadi leo hajajulikana, akapiga mwano, lile yowe la kuitia watu mwizi. Kwa Wasukuma mwano ukipigwa hakuna kuuliza. Unatoka na ulichonacho mkononi, na asiyetoka, walinzi wa sungusungu watamshughulikia yeye. Wakageuka. Wakaona mtu anakuja mbio.

"Jiwe la kwanza lilimpata begani," Kashindye alisema. "La pili mbavuni. Halafu tofali, mwalimu. La kichwa. Tofali nilipiga mimi."

Walipomgeuza ndipo walipoijua sura, au sehemu iliyobaki. Mganga aliyewasafisha aliwaagiza wamwachie Nkwabi nafasi yake kila siku, wala asiikanyage mtu, maana atakayeikanyaga atapata alichopata mwenyewe. Walipaswa kumwambia mgeni. Aibu iliwafunga midomo.

Sikuwa na haja ya kuhesabu. Bega limepita, mbavu zimepita, kesho ni kichwa. Nikamuuliza dawa. Akasema nafasi ile haikai watu wawili. Mwingine akiingia kwa hiari yake, wote wawili wakiwa mbioni, aliyemo hutoka. Nilijua ana watoto wanne. Niliwajua kwa majina. Nilimpenda kaka yangu kuliko wao, na nikasema.

"Basi ingia wewe."

Aliokota mwiko wake. "Nitaingia, mwalimu."

Alhamisi nilimrudisha kaka mstarini, nami nikasimama penye vibanda vya dagaa, vikiwa bado vimefungwa, hakuna mtu. Wakaja. Revocatus alikuwa wa nne, ameshika mbavu, uso wa kijivu. Kashindye alitoka mbele, akapunguza mwendo mpaka wakalingana, akamsukuma taratibu kwa bega. Kaka akatoka kwenye mstari akasimama kwenye majani. Alivuta pumzi ndefu, maumivu yamekatika. Nikamshukuru Mungu.

Mwano ukapigwa.

Mwizi! Sauti ya mwanamke. Karibu sana.

Kashindye akachomoka mbio. Peke yake, kama mwizi. Wenzake waliinama wote kwa pamoja, wakainuka na mawe. Nyuso zao hazikuwa na hasira. Hazikuwa na kitu. La kwanza lilimpata begani. La pili mbavuni, na ule mlio nikausikia tena. Alipiga magoti. Aliinua mkono. "Ni mimi," alisema, "ni mimi."

Mmoja alimfuata na tofali, amelishika kwa mikono miwili juu ya kichwa, kitambi kinatikisika. Alikuwa kaka yangu. Akalishusha. Akaliinua. Akalishusha tena. Damu ilimrukia kifuani na yeye hakupepesa macho. Mara ya nne hapakuwa na mfupa wa kulia.

Polisi waliandika kwamba marehemu aliuawa na wananchi wenye hasira kali. Hospitali walimpiga Revocatus eksirei, ubavu ukaonekana mzima, haujawahi kuvunjika. Jumamosi alipanda treni bila kuniaga.

Tangu hapo ameniandikia barua moja. Hakuuliza kuhusu mjane wala watoto. Ameuliza kitu kimoja: mimi nilikuwa nimesimama pale vibandani, je, nilimwona yule mwanamke aliyepiga mwano?

Sijamjibu. Pale vibandani nilikuwa peke yangu. Sikumbuki kufungua mdomo. Ninachokumbuka ni kwamba tofali lilipoinuliwa nilitaka kumwita kaka alitupe, na sauti haikutoka. Nilitema damu. Koo langu lilikuwa limechanika kwa kupiga kelele.