Klipu Iliyovunjika

Sumaku alikuwa anapanga spana kwa ukubwa, kazi yake ya kila Jumamosi, gari la kijivu lilipoingia gereji kwa kasi na kufunga breki karibu limkanyage. Gari alilijua. Lilikuwa la mkunga mmoja, na mama yake alikuwa amelitengeneza siku kumi zilizopita. Mwanamume aliyeshuka ndiye hakumjua.

Hakusalimu. Aliuliza fundi yuko wapi, na alipoonyeshwa mama mwenye ovaroli, akachekea puani. Alisema yeye ni kaka wa mkunga. Taa ya injini imewaka tena, gari limekataliwa kwenye ukaguzi wa moshi, na leo dada yake anawafuata wajawazito kwa miguu.

"Kama kazi imekushinda, mama, si ungesema tu? Hata kupika ni kazi."

Masikio ya Sumaku yalipata moto. Alikuwa ameshika spana kubwa kuliko zote, mama akamtupia jicho moja, naye Sumaku akairudisha mahali pake.

Mama alichomeka mashine ya kusomea hitilafu. Ikaonyesha jambo lilelile la mwanzo: hita ya sensa ya oksijeni. Sumaku alifahamu maana yake. Sensa hiyo, kihisi cha oksijeni, hukaa kwenye ekzosi, bomba la moshi, na huiambia injini iongeze mafuta au ipunguze. Lakini ikiwa baridi haisomi kitu, ndiyo maana ina hita ya kuipasha moto ndani yake. Hita isipowaka, injini hubahatisha tu.

"Sensa ni mpya," mama alisema, na sauti yake ilitetemeka kwa hasira. "Basi Mzee Miwani kaniuzia feki."

Mzee Miwani alikuwa muuza spea wa mtaa wa pili, mtu wa kwanza kumwita mama fundi wakati wengine walikuwa wakimcheka. Mama alimpigia simu palepale. Alimwambia kwamba miaka minane amemwamini kumbe anamuuzia takataka, na kwamba hatakanyaga tena dukani kwake. Akakata kabla hajajibiwa.

Sumaku aliwakasirikia wote: mgeni kwa mdomo wake, mama kwa simu yake. Ila aliyestahili hasira hiyo alikuwa amesimama ndani ya viatu vya Sumaku mwenyewe.

Gereji ile ilikuwa na desturi yake. Anayefunga kitu chochote hukivuta mara mbili, kisha huita "Imeshika!" ili wote wasikie. Siku kumi zilizopita, mama alifunga sensa na kumwachia Sumaku abane waya wake kwenye klipu inayouweka mbali na ekzosi. Klipu ikavunjikia mkononi. Sumaku alikuwa anachelewa mazoezi ya mpira. Akauegesha waya juu ya bomba, akaita "Imeshika!" na kukimbia.

"Mama," alisema, "Mzee Miwani hana kosa. Klipu ilivunjika, nami nikaita imeshika."

Ekzosi ilipopoa, mama alichukua mita ya kupimia umeme, akapima hita ya sensa. Ilikuwa nzima. Akapima waya unaoiletea umeme. Haukuwa na kitu, fyuzi ilikuwa imeungua. Walipoinua gari waliona sababu: waya umeangukia ekzosi, plastiki yake imeyeyuka, shaba imegusa chuma.

"Ungeniambia umevunja klipu, ningekupa nyingine," mama alisema polepole. "Umenidanganya, nami nimemtukana mtu mzima asiye na hatia. Sasa nani atakwenda kumtazama usoni?"

"Nitakwenda mimi. Leo hii, kabla hajafunga."

"Anafunga saa kumi."

Mama alimgeukia mgeni, akamwambia kosa ni la gereji yake na hatalipa chochote. "Kupika pia najua," aliongeza, "ila leo utangoja gari." Mgeni akatazama viatu vyake.

Walikata kipande kilichoungua, wakaunga kipya, wakatia klipu mpya na fyuzi mpya. Sumaku aliuvuta waya mara mbili, akaita. Mama akaja kuuvuta tena mwenyewe. Hilo lilimuuma Sumaku kuliko maneno yote.

Taa ilizimika na gari likaondoka saa tisa na nusu. Saa hiyohiyo fainali ya timu yake ya mpira ilikuwa inaanza, na Sumaku ndiye golikipa. Jina lake lilitokana na mikono yake, mpira ukifika haubanduki.

Njia ya dukani ilipita kando ya uwanja.

"Sumaku, wee! Golini tumemweka anayeogopa mpira!" mwenzake alimwita kutoka kwenye uzio.

Miguu ilisita. Kisha akaendelea kutembea.

Mzee Miwani alikuwa ameshafunga nusu ya mlango. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kulainisha uso.

"Mama yako amenivunjia heshima kwenye simu, wateja wangu wakisikia."

"Hasira yake ilitokana na uongo wangu, babu. Naomba unisamehe."

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. "Kuvunja klipu si dhambi, mjukuu wangu. Vitu huvunjika. Lakini neno lako likivunjika, watu wengine ndio wanaoungua. Ukikosea, sema hapohapo, kosa lingali dogo."

Kelele za goli zilisikika kutoka uwanjani. Sumaku hakuuliza ni la nani. Alimsaidia mzee kuteremsha mlango, akabana kufuli, akalivuta mara mbili.

"Limeshika, babu."

Mzee Miwani alitia funguo mfukoni, akaondoka bila kulivuta tena.