Mtani wa Ghala la Sultanali

Ukuta uligongwa mara tatu, ukalia mara nne.

Fikiri, aliyekuwa anaupima tu unene wa ukuta wa ghala, alishusha nyundo akabaki ameduwaa, kama mtu aliyepiga chafya peke yake chooni akasikia anaombewa rehema. Akagonga tena: ngo, ngo, ngo. Akasubiri. Ukuta, bila haraka yoyote, ukamalizia: ngo.

"Bosi," aliita kwa sauti ndogo. "Njoo usikilize."

Mahona alikuja tumbo likitangulia. Huyu ndiye aliyekuwa bingwa wa kubomoa Tabora nzima. Ukipita katikati ya mji ukakuta kiwanja kitupu mahali ulipozoea kununua viberiti, jua Mahona na watu wake wanane walipita hapo. Na alikuwa na utaratibu wake asioubadilisha hata ashikiwe bunduki: milango kwanza, kisha madirisha, kisha paa, kisha kuta, msingi mwisho. "Nyumba haibomolewi, inavuliwa," alipenda kusema. "Ukianza na suruali kabla ya viatu, utaanguka."

Safari hii walikuwa wanaivua nyumba ya marehemu Sultanali, muuza vitambaa. Nyumba ya matofali mabichi yenye kuta nene kama godoro, milango ya mninga, na nyuma yake ghala ambamo zamani wapagazi wa misafara walikuwa wakitua mizigo. Hapo palikuwa panakuja ghorofa nane: chini maduka, katikati ofisi, juu makazi ya watu. Bango lilikwisha kusimamishwa barabarani, limejaa watu warefu walioshika vikombe vya kahawa, na hakuna hata mmoja aliyefanana na mtu wa mtaani Isevya.

Mahona akatega sikio ukutani. "Panya," akaamua.

"Panya anayejua kuhesabu, bosi?"

"Panya wa mjini hao. Wamesoma."

Watu wakacheka, lakini nyundo hazikuinuka. Ndipo akaingia Bi Kherunisa, mjane wa Sultanali, aliyekuja kuchukua picha za ukutani. Wote wakamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akamvuta Mahona pembeni.

"Mwanangu, lile ghala. Miaka yote sisi tulikuwa tunabisha hodi, tunangoja kidogo, ndipo tunaingia. Kama unavyoingia kwa mkwe. Yuko mtu humo."

"Mtu gani, bibi?"

"Si mtu. Alipanda na msafara kutoka pwani, juu ya mizigo. Wapagazi wakaondoka, yeye akabaki. Nimemwambia tumeuza, hajajibu. Ngojeni siku saba. Na kama hamwezi kungoja, basi nakuomba kitu kimoja tu, Mahona, wewe ninavyokujua: usimzoee."

Sasa jamani, mwambie samaki asilowe. Mahona alimtania mkuu wa polisi, alimtania padri kanisani, alimtania mama mkwe wake mbele ya mashemeji. Bibi wa watu alipoondoka tu, akakuta vijana wake wamejikusanya uani, hakuna anayetaka kulisogelea ghala. Akatanua miguu mbele ya mlango wa mninga kama yuko jukwaani.

"Katoka pwani? Basi mnaogopa nini? Huyu ni ndugu yake Fikiri! Ni Mzaramo huyu! Mtani wangu!"

Na hapa lazima mtu aelewe. Mnyamwezi kama Mahona na Mzaramo kama Fikiri ni watani tangu enzi za misafara. Mmoja akipita kwa mwenzake alijichukulia jogoo bila kuomba, na mwenye jogoo alitakiwa acheke. Sheria yake ndiyo hiyo: mtani akichukua, huweki kinyongo, na kesho ni zamu yako kuchukua kwake. Fikiri mwenyewe alishakula mboga ya Mahona mara mia, na Mahona alishatembea na kofia ya Fikiri wiki nzima.

Mahona akaupiga mlango teke. "Wee mtani! Toka ulale nje! Nyumba yako naichukua, mlango wako naubeba, madirisha, bati, mpaka chini! Na usinune!"

Uani pakalipuka vicheko. Vikapanda, vikashuka, vikaisha. Halafu, nyuma ya mlango, mtu mmoja aliyechelewa akacheka peke yake.

Kikatoka chini ya mlango kijiupepo chenye harufu ya chumvi, ngozi mbichi na jasho la watu wengi waliotembea miezi bila kuoga. Na sauti, ya adabu kabisa, ikasema:

"Sinuni, mtani."

Walikimbia hadi barabarani. Fikiri alikuwa na kiatu kimoja.

"Bosi," alinong'ona, kijasho kikimtoka, "umempa utani. Na kaupokea."

"Si afadhali kaupokea? Angekasirika je?"

"Mimi natoka kwa watu hao hao, nakwambia. Bora angekasirika. Aliyekasirika unamwomba radhi. Huyu sasa ana zamu."

Kesho yake Mahona alirudi. Injinia Sixbert, msimamizi wa mradi, alikwisha kusema kiwanja kiwe tupu kabla ya mvua, na Mahona hakutaka ionekane bingwa kakimbizwa na mwangwi. Saa saba mchana, jua la utosi, milango yote ilikuwa imeng'olewa na kuegeshwa uani. Ghalani hapakuwa na kitu ila vumbi. Mahona akacheka, akaenda nyumbani Isevya kula.

Alimkuta mkewe, Leonia, amepiga magoti sebuleni. Mbele yake alikaa binti yao wa pekee, Julieth, miaka tisa, kasuku wa mtaa mzima, mtoto aliyekuwa anaongea mpaka usingizini. Mdomo wake ulikuwa wazi. Haukufunga. Leonia alikuwa anakisukuma kidevu juu kwa kiganja, na kila akiachia, kinarudi chini taratibu, bila maumivu, kama kitu kisicho na bawaba. Na upepo ulipoingia dirishani ukampitia mtoto kinywani, ulivuma ndani yake, vuuu, kama unavyovuma kwenye nyumba iliyotolewa milango.

"Ulikuwa unaongea naye?" Mahona aliuliza.

"Alikuwa ananiambia habari za shule. Katikati ya neno, baba Julieth. Katikati ya neno."

Hospitali walimpiga picha, wakampa dawa ya misuli, wakasema wamrudishe Ijumaa. Kabla ya Ijumaa hiyo vijana waling'oa madirisha. Mchana huohuo macho ya Julieth yakaacha kupepesa. Yalibaki wazi usiku na mchana, vumbi linaingia linatoka, na mkono ukipitishwa mbele yake hashtuki.

Leonia ndiye aliyeunganisha. "Madirisha mmetoa saa ngapi?"

"Saa saba."

"Na milango?"

Jibu lilikuwa limekaa mbele yao kwenye mkeka, mdomo wazi, macho wazi, na baada ya madirisha, kama mji mzima ulivyojua, Mahona hutoa paa.

Alikimbia na ndala hadi kwa Injinia Sixbert. Alimwomba asimamishe kazi. Alimweleza yote, akilia, kamasi zinamtoka, na injinia akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akaangua kicheko akampiga begani.

"Mahona, wewe ungeenda televisheni! Si wewe uliyeniambia nyumba inavuliwa? Sasa imebaki na shati, unasema inaona aibu?"

"Bosi, ni mwanangu."

"Haya, haya. Pumzika wewe. Naleta kijiko, ile mashine ya kuchimbua, kitamaliza siku mbili."

Ndiyo malipo ya mtu aliyechekesha mji kwa miaka thelathini: siku aliyosema kweli, walimpigia makofi.

Paa liliondolewa na wengine. Nywele za Julieth zikatoka zote kwa mkupuo, zikabaki kwenye mto kama kiota, na mtoto akaanza kutetemeka mchana kweupe ndani ya nyumba yenye bati zima, maji yanamtiririka usoni kama mtu anayenyeshewa.

Leonia alimleta Mama Mektilda kutoka Ulyankulu, mwanamke mwembamba aliyesifika kutoa majini waliowashinda masheikh na mapadri. Alifika, akanusa kizingiti, hata mkoba hakuufungua.

"Kaja kwa ubaya?" aliuliza.

Mahona akaangalia chini. "Nilimwita mtani."

"Nani alikutuma?"

"Mdomo wangu, mama."

Mektilda alikaa mbele ya mtoto, akasema naye kwa lugha ambayo si Kiswahili wala Kinyamwezi. Kwenye mdomo ule usiofunga kukatoka kile kicheko cha aliyechelewa. Mganga akasimama, akajifunga kanga vizuri.

"Jini adui namfukuza. Jini mgeni namfukuza. Huyu nimemwambia aondoke, ananiuliza kosa lake nini. Anasema mwenye nyumba hii alimwambia asinune, hakununa. Anauliza, kwani mwenyewe amenuna?"

"Mwambie naacha! Mwambie utani basi!"

"Mwambie wewe. Mimi si mtani wake."

Mahona akapiga magoti, akamshika mwanawe mabega. "Ndugu yangu, nisamehe. Nilikosa. Chukua mimi. Mimi ndiye niliyesema."

"Mtani," ikasema ile sauti ya adabu kutoka ndani kwa Julieth, karibu kabisa, na harufu ya chumvi na ngozi ikajaa sebule, "mbona sauti yako hivyo? Unanuna?"

Na Mektilda, aliyekuwa ameshafika mlangoni, akamnong'oneza haraka kwamba acheke, acheke sasa hivi, maana mtani akinuniwa huongeza. Basi Mahona, bingwa wa kubomoa na mchekeshaji wa Tabora, akiwa amemshika binti yake asiye na nywele, anayenyeshewa na mvua isiyoonekana, akafungua kinywa akacheka, akacheka mpaka mbavu zikamuuma na machozi yakamlowesha kifua, akacheka huku mkewe akimtazama kama mtu asiyemjua, na kila alipotaka kukoma ile sauti ilicheka pamoja naye, ikichelewa kidogo tu.

Siku ya kijiko alikwenda akalala chini mbele ya mashine. Fikiri peke yake ndiye hakucheka. Wengine walidhani anafanya kama watani wafanyavyo msibani, mmoja anapojilaza kaburini mpaka apewe kitu ndipo aruhusu watu wazike. Walimtupia chupa ya soda na vipande vya mihogo, wakambeba juujuu huku wakiimba, wakamweka kando. Fikiri alijitahidi kumnyang'anya dereva ufunguo, akasukumwa. Kuta zikaenda, msingi ukachimbwa, na saa saba mchana, Isevya, Leonia alihisi mkono aliokuwa ameushika unakuwa mwepesi. Julieth hakufa. Alilala chali, anapumua, uso wake umelainika kabisa, hauna la furaha wala la huzuni, kiwanja kitupu.

Miezi ilipita. Jengo likaanza kupanda, na mtoto naye akaanza kupata nafuu.

Leonia alifunga na kushukuru. Walipomwaga zege la ghorofa ya pili, Julieth alikaa. Walipofika ya tano, alisimama, mrefu kuliko alivyopaswa, shingo imenyooka. Walipoweka vioo, macho yake yalianza kufungika na kufunguka, maangavu, na ukiyatazama uliona mawingu ndani yake hata ukiwa chumbani. Milango ilipowekwa, mdomo ulifunga. Majirani walikuja na kuku. Mahona peke yake alikuwa hawezi kula, kwa sababu mtoto hakusema neno, na kwa sababu usiku akiegesha sikio kwenye mgongo wake alisikia maji yakipanda kwenye mabomba.

Siku wapangaji wa kwanza walipohamia kwenye jengo, Leonia alikuwa sokoni. Mahona alibaki na Julieth mkekani, mchana, mlango wazi. Mtoto akafungua mdomo. Ikatoka sauti ya mwanamume akisifia viatu. Kisha simu ikaita, ikapokelewa na msichana mwenye haraka. Kisha, kutoka juu zaidi, mtoto mchanga akalia, na mtu akaanza kukaanga vitunguu, na Mahona akasikia harufu ya vitunguu hivyo kwenye pumzi ya mwanawe.

Akasogea. Akaweka midomo yake karibu na sikio lake, kama alivyokuwa akimwamsha kwenda shule.

"Julieth."

Kelele zote zikakatika. Akasikia miguu ikishuka ngazi, ngazi nyingi, mtu anashuka bila wasiwasi, ndala zinapiga pa, pa, pa, mpaka zikafika karibu kabisa na kinywa. Sauti ya mama mmoja, ngeni, ya heshima, ikasema:

"Karibu, baba. Unamtafuta nani?"

"Julieth. Binti yangu. Ana miaka tisa, anaongea sana. Alikuwa akikaa hapa."

"Julieth?" Yule mama akageuka ndani, akaita juu. "Jamani, kuna Julieth huko?" Ghorofa ya kwanza wakaulizana. Ghorofa ya pili wakaulizana. Mahona alilisikiliza jina la mwanawe likipanda ngazi, likibisha hodi mlango kwa mlango, likizidi kuwa dogo, mpaka huko juu kabisa ambako halikusikika tena. Akangoja. Ndala zikarudi.

"Pole, baba," yule mama akasema. "Hapa hatumjui. Huyo atakuwa wa ile nyumba ya zamani. Ile walishaibomoa."