Mpimaridhaa na Watani Wawili

Kichujadamu kilikuwa kimeanza kunguruma. Kazi yake ni kuvuta damu kwenye mkono mmoja wa mtoaji, kuokota humo chembe nyeupe, zile askari wa mwili, na kuirudisha iliyosalia kwenye mkono wa pili, mtu akipiga soga tu. Mwaka juzi Kapela alimpa Sikudhani seli za uboho wake, saratani ya damu ikatimka. Sasa imerudi. Dawa iliyobaki ni kuongezewa askari wa Kapela, tena upesi, kabla haijawazidi nguvu waliomo.

"Mzaramo wewe, damu yangu umeigeuza togwa?" Kapela alisema kutoka kitini. "Si ufe tu, nije nile pilau!"

"Koma, mpagazi!" Sikudhani alijibu kutoka kitandani. "Nikifa nani atakufundisha kuoga?"

Kichujadamu kikazima.

"Mtoaji amemtakia mgonjwa kifo," sauti laini ilitamka kutoka darini. "Ridhaa imefutwa."

Huyo ndiye mpimaridhaa, mashine inayosikiliza kila neno wodini ili mtu asitolewe damu kwa kulazimishwa. Nia njema, nani anabisha? Ila waliomfunza Kiswahili walimmiminia kamusi nzima, utani wakausahau.

"Utani huo!" Sikudhani alifoka, kitanda kikatikisika. "Mnyamwezi na Mzaramo! Babu zetu walitukanana hadi makaburini, na ndio waliozikana! Wageni walikuja hapa wakatuandika nani adui wa nani, wakakosea. Wewe umeundwa juzi, unarudia yale yale!"

"Tafadhali punguza sauti."

Muuguzi Ngusa alikuna kichwa. "Mama, hata mimi hanisikilizi. Anataka maneno ya heshima. Tusi jingine likimponyoka Kapela, hata mfuko wa askari wake ukiwa umeshaunganishwa na mshipa wako, anaufunga."

Kapela akakaa wima kama shahidi kizimbani.

"Ndugu mgonjwa," alisema. "Nakutakia afya njema. Natoa kwa hiari yangu."

Kichujadamu kikanguruma tena.

Alasiri mfuko ulining'inizwa, askari wakaanza kudondoka tone kwa tone. Walikuwa wazima, wengi, wa kutosha. Sikudhani alipaswa kufurahi. Lakini kwao hata msibani mtani hutania. Akianza kukuheshimu, basi kuna kitu kimekufa.

"Kapela," alimwita. "Nitukane kidogo."

Kapela alitazama dari. Akatazama mfuko, bado haujafika nusu.

"Pole sana, mama," alisema.