Magoti Uani kwa Leitu

Leitu alirudi kutoka kanisani Jumapili kabla ya adhuhuri, akavua kofia yake nyeupe ya ukindu, akaona vioo vinne vya dirisha la chumbani vimechomolewa. Vilikuwa vimeegemezwa ukutani taratibu, hakuna hata kimoja kilichopasuka. Akainua godoro. Mkeka wa heshima wa marehemu mama yake, ule laini kama hariri wenye manyoya mekundu ukingoni, haukuwapo.

Kijiji kizima cha Vailoto kilimsikia. Alimtaja Iakopo, jirani aliyegombana naye juu ya nguruwe, akamtaja mpaka sauti ikamkauka.

Lakini miezi miwili baadaye, aliyefungiwa katika nyumba ya watoto wakosaji hakuwa Iakopo. Alikuwa Lupelele, msichana wa miaka kumi na mitano. Mahakama ya watoto ilimtia hatiani kwa kuvunja nyumba na kuiba, kwa sababu alama za vidole vyake zilikuwa kwenye vioo, na kwa sababu ukoo wake ulikwenda kwa Leitu kupiga magoti kuomba radhi, kama ilivyo desturi. Rufaa yake ingesikilizwa Jumatano. Ikishindwa, angekaa huko mwaka mzima.

Siku ya Jumanne, Tofiga alishuka kwenye gari pale Vailoto, magoti yamemvimba. Alikuwa askari mstaafu, sasa akiwapelelezea mawakili wa watu wasiojiweza.

"Umekuja kunichimba tena?" Leitu akamlaki. "Mie nimechoka, dada."

"Hata mie. Nipe kiti basi, tuchoke pamoja."

Leitu akamtolea kiti, akarudi kumenya magimbi.

"Vioo vyako anaviosha nani?"

"Lupelele, kila Jumamosi."

"Sasa mlitaka vidole vya nani vionekane pale, vya mchungaji?"

Leitu akacheka bila kupenda. "Hakimu aliambiwa hilo. Akasema ukoo haupigi magoti bure. Na kweli, nani hupiga magoti bure?"

"Na Iakopo?"

"Aa, yule alikuwa nyuma yangu kanisani, ananguruma besi sikioni mwangu ibada nzima. Nilisema kwa hasira tu."

"Vaelua, mjomba wake Lupelele, alikuwapo?"

"Hakuwapo. Walikuwa wanafunga safari ya kisiwa cha Savaii. Mkewe alifiwa na baba."

Tofiga akanyoosha mguu polepole. "Walikuja kuomba radhi lini?"

"Jumatatu alfajiri, kabla hawajasafiri. Nafungua mlango, namkuta Vaelua uani kajifunika mkeka mkuukuu wa kulalia, jamaa zake nyuma wanatetemeka kwa umande. Nikamfunua. Ukishamfunua mtu, umemsamehe, yamekwisha."

"Alisema nani ameiba?"

"Jina halitajwi, we hujui? Ukoo ndio unaoomba."

"Polisi walichukua alama lini?"

"Siku hiyohiyo, mchana. Majibu yakaja Ijumaa."

"Leitu, Jumapili nzima ulikuwa unamtukana Iakopo. Alfajiri ile hakuna kiumbe aliyekuwa amemtaja Lupelele, wala mtu yeyote wa ukoo wao. Vaelua alikuja kumwombea nani radhi?"

Kisu cha Leitu kikasimama katikati ya gimbi.

Walikwenda pamoja. Walimkuta Vaelua anakuna nazi mbele ya jiko, cheo cha mzee wa ukoo kapewa mwaka huohuo. Tofiga alimweleza yote kwa sauti ya chini, kama mtu asomaye orodha ya dukani.

"Alama zako hazikuonekana," akamalizia.

"Nilijifunga shuka mkononi," Vaelua akasema. Hakuinua macho. "Mkeka uko Savaii, kwa wakwe. Ningeingiaje msibani mikono mitupu, na cheo hiki nilichopewa, mashemeji wenzangu wanakunjua mikeka ya rambirambi mbele ya watu?"

"Ungeniomba," akasema Leitu. "Ningekuazima, mjinga wewe!"

"Niliona aibu. Nikasema, nitapiga magoti, yatakwisha kijijini. Na yalikwisha! Polisi ndio walioleta mambo ya vidole."

"Walipomchukua mtoto?" akauliza Tofiga.

"Kila nikiamka nasema, leo nitakwenda. Jua linazama, sijakwenda."

"Naye alijua?"

"Aliniona nimebeba mkeka. Hakumwambia mtu. Mimi ndiye mzee wake, angeanzia wapi?"

Tofiga akajigeuza kuondoka. "Kesho saa tatu, mahakamani Apia. Usiponitangulia, nitakuja kukuchukua, na haya magoti yangu yataniuma, nami nitakasirika."

Vaelua alimtangulia. Alisimama mbele ya majaji, akasema kila kitu, akasema pia kuhusu shuka. Kabla ya chakula cha mchana hukumu ya Lupelele ilifutwa, na askari wawili wakaja kumchukua mjomba.

Walikutana mlangoni. Lupelele alikuwa amevaa sare ya shule, mikono ya blauzi imembana. Watu wa ukoo waliwazunguka, wakingoja afanye lifanywalo siku zote, amsamehe mzee.

"Nisamehe, mwanangu," Vaelua akasema.

Msichana akamgeukia Tofiga.

"Mama, lazima nijibu leo?"

"Si lazima."

"Basi sijibu, mjomba," akasema, akashuka ngazi peke yake.